Benz Kuukuu kwa Mara ya Pili: Fungua Bonneti Kabla ya Mkoba

Bei ya gari hushuka, bei ya spea zake haishuki. Sedani ya Mercedes C-Class umbo la W204 au BMW 5 Series umbo la E60 ilitoka kiwandani ikiwa gari la mkurugenzi. Leo imeegeshwa kwenye yadi ya Ngong Road, na bei yake inakaribiana na ya kigari kidogo kilichoshuka melini Mombasa juzi. Lakini pampu yake ya maji, mikono yake ya mbele na kompyuta ya gia bado ni vitu vya gari la mkurugenzi, na muuza spea hatakupunguzia kwa sababu wewe umelinunua kwa bei ya chini. Mnunuzi wa mara ya kwanza huligundua hilo ndani ya miezi sita. Anayerudi mara ya pili analijua, na bado anarudi, kwa sababu ameshazoea mlango unaofungwa kwa kishindo kizito na gari linalotulia barabarani kama limeshikwa na sumaku.

Si ujinga kurudi. Ujinga ni kurudi bila kujua lile la kwanza liliuawa na nini. Chukua kalamu uandike matengenezo yote uliyolipia, kisha uyagawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la vitu vilivyochakaa kwa umri: bushi, gasketi, mipira ya maji, sensa, betri. La pili ni la vitu vilivyoharibika kwa sababu mtu aliacha kufanya jambo fulani, au alilifanya vibaya: giaboksi ambayo haijabadilishiwa oili hata mara moja, injini iliyochemka kwa kukosa kulanti (kimiminika cha kupoza injini), nyaya zilizokatwa na fundi wa redio. Fungu la pili likiwa zito, tatizo halikuwa umri wa gari, na gari jingine la umri uleule laweza kukufaa ukilichagua vizuri. La kwanza likiwa zito, fahamu kwamba vitu hivyohivyo vitakuja tena, kwa mpangilio uleule.

Kuna jambo la kisheria linalobadilisha hesabu hii hapa kwetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo W211 (Mercedes E-Class, 2002 hadi 2009), E60 (2003 hadi 2010), E90 (BMW 3 Series, 2005 hadi 2012) na W204 (2007 hadi 2014) haziwezi kuletwa tena. Zilizopo ndizo hizohizo zinazozunguka mkono kwa mkono. Kila moja unayoiona ina miaka ya matuta ya Nairobi mwilini, na karibu kila moja imepitia mikono ya mafundi kadhaa. Hadithi ya "mzee mmoja aliyekuwa akienda nalo kanisani tu" iache palepale yadini. Unachotafuta ni faili la risiti.

Makaratasi hayana maneno mengi. Tafuta rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, kupitia eCitizen, ulinganishe nambari ya chesisi, nambari ya injini, ukubwa wa injini na rangi na unachokiona kwa macho. Rekodi ikionyesha jina la benki au Sacco karibu na la mwenye gari, deni halijaisha, na pesa zako zisisogee mpaka jina hilo liondolewe. Uliza bima kabla ya kununua, si baada: kampuni nyingi huweka kikomo cha umri kwa bima kamili, na gari la miaka kumi na kitu linaweza kubaki na ile ya mtu wa tatu peke yake. Maana yake ni kwamba likiibwa au likigongwa kwa kosa lako, hasara ni yako yote.

Sasa gari lenyewe. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya bonneti. Ikiwa ina joto, rudi kesho. Injini hizi husema ukweli katika sekunde kumi za kwanza zikiwa baridi, na dalali hodari anajua hivyo kuliko wewe.

Kwenye W204 za C180 na C200 Kompressor, injini ni M271. Sikiliza mkwaruzo wa chuma wa sekunde moja mpaka tatu mara tu inapowaka. Hiyo ni cheni ya taimingi iliyolegea, pamoja na meno ya magurudumu ya kamshafti (shafti inayofungua vali) yaliyolika. Cheni yenyewe ni nyembamba, na oili iliyochelewa kubadilishwa huimaliza haraka. Ikiruka meno, vali hukutana na pistoni, na hapo mnazungumza habari ya injini nyingine. Tiba ni cheni mpya, kifaa kinachoikaza na magurudumu yote mawili ya kamshafti kwa mpigo mmoja. Fundi anayejua hahitaji kubomoa mbele ya injini: hukata cheni kuukuu, huiunga na mpya, huizungusha taratibu kwa kutumia krenki mpaka mpya imepita yote, kisha huibana kwa kifaa maalumu. Anayebadilisha cheni na kuacha magurudumu yaliyolika amekuuzia mwaka mmoja tu.

V6 ya M272, inayopatikana kwenye W211 na W204 kubwa, ni injini tamu yenye dosari moja ya kiwanda. Zile za mwanzo zilipewa gurudumu la shafti ya usawazishaji (inayopunguza mtetemo) lenye chuma dhaifu, nalo hulika meno. Kulibadilisha kunadai injini itolewe. Soma nambari ya injini: tarakimu za mwisho zikiwa chini ya 30 468993, imo katika kundi hilo. Ikiwa juu, dosari hiyo haikuhusu. Hakuna ukaguzi mwingine wa bure unaokuokolea pesa nyingi namna hii.

Upande wa BMW, swali la kwanza ni silinda ngapi. Za silinda nne zenye N46 (320i na 520i za miaka hiyo) huzeesha mipira ya vali, zikaanza kunywa oili. Jaribio ni rahisi: ziache zingurume bila mwendo dakika kumi, kisha kanyaga petroli ghafla huku mwenzako akitazama ekzosi. Wingu la buluu likitoka, ondoka. Za silinda sita zenye N52 (325i, 523i, 525i, 530i) ndizo ningemshauri mtu anayeng'ang'ania BMW, mradi aelewe mfumo wake wa kupoza maji, na hapa tukae kidogo.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. N52 nayo imeundwa kufanya kazi kwenye joto linalozidi nyuzi 100 ili kuokoa petroli. Vitu viwili tu ndivyo vinavyozuia maji yasigeuke mvuke: shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha tangi la maji, na kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu. Kifuniko kilichochoka au mpira wenye ufa mwembamba kama unywele hupoteza shinikizo, maji yanachemka, na kichwa cha injini kinapinda. Bloku ya N52 ni ya magneziamu na alumini, haisamehe. Huko nje kuna desturi mbili ambazo zimeua injini nyingi kuliko ajali. Moja ni kujaza maji ya bomba au ya kisima yenye chumvi badala ya kulanti. Nyingine ni kutoa themostati (vali inayoongoza mzunguko wa maji ya kupoza) "ili injini ipoe". Themostati ya gari hili inaongozwa na kompyuta. Ikitolewa, injini haifikii joto lake, kompyuta hudhani bado ni asubuhi ya baridi na huendelea kumwaga petroli, oili inachafuka, na taa ya injini inawaka. Halafu mtu huzima taa hiyo kwa kuitoa balbu, na gari likauzwa.

Kwa hiyo fungua kifuniko injini ikiwa baridi. Unataka kuona kimiminika chenye rangi safi, buluu au kijani. Rangi ya kutu, au ute kama uji, ni sababu ya kuondoka. Fundi mzuri anaweza pia kutumia dawa ya buluu inayogeuka njano ikinusa moshi wa injini ndani ya maji. Jaribio lenyewe halizidi dakika kumi, na linakuambia kama gasketi ya kichwa imepasuka.

Pampu ya maji ya N52 ni ya umeme, haina mkanda, na haipigi kelele kabla ya kufa. Ikikaribia kilomita 100,000 ihesabu kama imekwisha. Ibadilishe pamoja na themostati kwa sababu viko bega kwa bega, na utumie bolti mpya tatu za alumini, zile kuukuu hazirudishwi. Baada ya kujaza kulanti usifungue skrubu ya hewa na kuwasha injini kama ilivyozoeleka. Washa swichi bila kuwasha injini, weka hita kwenye joto la mwisho na feni kwenye kasi ya chini, kanyaga petroli mpaka chini kwa sekunde kumi, kisha iache. Pampu itazungusha maji yenyewe kwa dakika kumi na mbili hivi na kutoa hewa. Unganisha chaja ya betri wakati huo. Fundi ambaye hajui hatua hizi hajawahi kuigusa pampu hii, hata kama ukuta wake una nembo ya BMW yenye ukubwa wa sufuria.

Jambo la pili la hapa kwetu ni maua. Kuanzia Septemba mpaka Novemba mijakaranda ya Kilimani, Lavington na State House Road hupendeza sana, na magari yanayolala chini yake hupata madhara. Maua na majani huingia chini ya wipa, yakaoza kuwa tope, yakaziba matundu ya kutolea maji. Mvua ikija, maji hayana pa kwenda ila ndani. Kwenye W211 hufika kwenye masanduku ya fyuzi na kompyuta zake. Kwenye E90 hujaa kando ya kifaa kinachoongeza nguvu ya breki. E60 yenye paa la kufunguka hupitisha maji kwa mipira ya pembeni. Mpira ukichomoka, maji huishia butini, mahali betri na kompyuta kadhaa zinapokaa. Dalili zake huwa za kichawi: kioo kinashuka chenyewe, honi inalia usiku, gari linakataa kuwaka Jumatatu na kuwaka Jumanne. Jaribu hivi: mimina lita moja ya maji polepole chini ya kioo cha mbele. Yanapaswa kudondoka chini ya gari, nyuma ya gurudumu, ndani ya sekunde chache. Kisha inua zulia la buti, uguse sifongo iliyo chini yake. Ikiwa na unyevu, usiulize bei.

Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, ongeza ukaguzi mmoja. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake. Mwosha magari anaweza kusafisha viti na mazulia, lakini ni wachache wanaokumbuka mita moja ya mwisho ya mkanda, na mstari wa matope hubaki pale. Tazama pia bolti za chini ya viti kama zina kutu.

Mwendo wa majaribio uwe na foleni ndani yake. Dakika ishirini za Mombasa Road saa kumi na moja jioni, eyakondishina ikiwa imewashwa, zitakuonyesha kama feni inafanya kazi au imeungwa moja kwa moja kwa waya. Kisha Thika Road kwa mwendo wa 60 mpaka 80 huku umekanyaga kidogo tu. Gari likitetemeka kama linapita juu ya matuta madogo yaliyopangana, kigeuza nguvu cha giaboksi kimechoka. Ukihamisha kutoka D kwenda R, lishike ndani ya sekunde moja bila kugonga.

Maneno "oili ya gia ya maisha" yalimaanisha maisha ya mnunuzi wa kwanza. ZF, watengenezaji wa giaboksi ya 6HP iliyo kwenye BMW nyingi za wakati huu, wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka 8. Sampu yake (trei ya oili iliyo chini) ni ya plastiki na chujio limo ndani, hivyo hubadilishwa vyote pamoja. Kiwango hupimwa injini ikinguruma, oili ikiwa kwenye nyuzi 40 hivi, kwa hiyo bila kompyuta ya kusoma joto fundi anabahatisha. Giaboksi ya Mercedes ya gia tano, 722.6, ina ugonjwa wake: soketi ya nyaya huvuja, na oili hupanda ndani ya waya mpaka kwenye kompyuta. Chomoa soketi ya kompyuta ya gia uitazame. Tone la oili pale ni onyo. Kipande kinachovuja ni kidogo na cha bei nafuu. Kompyuta inayozama si nafuu.

Kuna magari ambayo ningeyaacha bila majadiliano. W211 ya kabla ya 2006 ina breki za SBC, ambazo zina pampu ya umeme yenye hesabu ya matumizi ndani yake. Hesabu ikifika mwisho dashibodi huandika kwa rangi nyekundu kwamba uende gereji, na nguvu za breki hupungua. Tena mfumo huo huamka wenyewe mlango ukifunguliwa, na fundi asiyeuzima kabla ya kutoa breki padi anaweza kubanwa vidole. Ya baada ya mabadiliko ya 2006 ina breki za kawaida. Gari lolote lenye mifuko ya hewa badala ya springi nalo nisingelichukua kwa barabara zetu. Mfuko ukivuja kidogo, kompresa huzunguka bila kupumzika mpaka iungue, na badala ya kitu kimoja unanunua viwili. Liegeshe jioni, ulitazame asubuhi. Kona moja ikiwa imelala, jibu umelipata.

Wapo wanaosema chukua Toyota Crown au Mark X uwe na amani. Wana hoja. Spea za injini yake, V6 ya 4GR-FSE, utazipata Kirinyaga Road mchana huohuo, na fundi yeyote wa gereji za Grogan ameifungua mara nyingi. Hata hivyo si injini isiyo na lake: petroli huingizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya vali, kwa hiyo masizi hujikusanya kwenye milango ya hewa na injini huanza kutetemeka gari likisimama. Na ukipata yenye redio yake ya Japani, inaishia masafa ya 90, hivyo stesheni nyingi za Nairobi hutazisikia bila kifaa cha kuongeza. Kwa gari la pekee nyumbani, la kupeleka watoto shule na wewe kazini, Crown ndiyo ningechagua. Tofauti kubwa haiko kwenye uimara, iko kwenye siku za kusubiri. Kipande cha Mercedes au BMW ambacho hakipo Nairobi huagizwa Dubai au Ujerumani, na gari linaweza kukaa juu ya mawe wiki mbili. Mwenye gari jingine atavumilia. Asiye nalo atamruhusu fundi "aunganishe tu kwa sasa", na hapo ndipo gari zuri huanza kufa.

Spea zenyewe nunua kwa nambari ya chesisi, si kwa picha ya simu. Mwaka mmoja wa E90 unaweza kuwa na aina mbili za kipande kilekile. Mikono na bushi tafuta Lemförder, redieta Behr, umeme Bosch: hao ndio waliokuwa wakikipa kiwanda chenyewe, na boksi lisilo na nembo ya nyota huwa na bei ya chini. Vya umeme vya kutoka gari lililobomolewa viogope, kwa sababu duka halivirudishi hata vikikataa kufanya kazi.

Pesa: gari likiuzwa milioni 1.2, usilinunue mpaka uwe na laki nne nyingine ambazo hazina kazi. Hizo si za dharura, ni za miezi mitatu ya kwanza. Ukizitumia zote kununua gari la milioni 1.6, umenunua gari la fundi.

Zianze kwenye vimiminika. Oili ya injini yenye idhini ya MB 229.5 au BMW LL-01, na uangalie kiasi: M271 hubeba lita 5.5, N52 lita 6.5, M272 lita 8. Fundi aliyezoea galoni ya lita nne ataimimina moja na kufunga, na N52 haina kijiti cha kupimia, utaona kwenye dashibodi tu. Ibadilishe kila kilomita 8,000, usingoje 15,000 za kitabu, kwa sababu foleni ni kilomita ambazo mita haizihesabu. Kisha kulanti yote, oili ya gia na chujio lake, maji ya breki. Baada ya hapo plagi, gasketi ya kifuniko cha vali, na kwenye N52 gasketi ya nyumba ya chujio la oili: ikivuja hulowesha mkanda, mkanda hukatika, na vipande vyake vinaweza kufyonzwa na sili ya krenki mpaka ndani ya injini. Bushi za mbele zifuate, na baada yake magurudumu yanyooshwe. Tairi zingoje bushi, la sivyo zitaliwa upande mmoja ndani ya mwezi, ila kama tarakimu nne za mwisho za nambari ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi zinaonyesha ni za zamani mno. 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Hizo zitoe siku hiyohiyo.